Bima ya Kiti cha Nyuma

Kwa miaka sita nililipia bima ya gari bila kuielewa, na huenda ningeendelea hivyo hadi leo kama mke wangu hangegonga nyuma ya pikapu kwenye Waiyaki Way, asubuhi ya mvua, magari yakiwa yamejipanga kuelekea Westlands.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimetangulia kazini. Hakuna aliyeumia vibaya. Pikapu ilipinda bampa. Gari letu lilipoteza boneti, taa zote mbili za mbele na rejeta. Kwenye kiti cha nyuma walikuwa wameketi watoto wawili: mwanangu kitindamimba, na binti wa jirani yetu. Wote wawili wanasoma Parklands, katika shule ambayo mke wangu ni karani wa ofisi. Mwanangu hakupata hata mkwaruzo. Binti wa jirani alijigonga kwenye kiti cha mbele na mdomo wake wa chini ukapasuka. Mke wangu alimfuta damu kwa kitambaa cha kupangusia kioo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, na jambo hilo la kitambaa lilimsumbua kwa siku nyingi kuliko boneti.

Jioni nilimpigia simu wakala wetu wa bima. Ni mwenzetu kanisani, anaimba besi katika kwaya ya wanaume, na ndiye aliyeniuzia bima tangu nilipolinunua gari.

"Pole sana ndugu," alisema. "Usiwe na wasiwasi. Pikapu ya watu itatengenezwa."

"Na gari langu?"

"Ndugu, wewe una thadi pati."

"Najua jina lake. Nauliza kazi yake."

"Kazi yake ni kumtengenezea mtu umegonga. Wewe mwenyewe unajitengeneza."

Pikapu ilirudi barabarani baada ya wiki mbili. Gari letu lilikaa gereji Kangemi wiki saba, likingoja rejeta, kisha likingoja mimi.

Lakini swali lililonikaa kichwani halikuwa la boneti. Lilikuwa la mdomo wa yule mtoto. Kama angeumia zaidi ya hapo, kama ingekuwa ni shingo au jicho, nani angelipa hospitali? Nilimuuliza wakala. Akasema hilo ni jambo la kuombea lisitokee.

Mimi ni fundi wa lifti. Sikusomea chuoni. Nilianza nikibeba mafuta na matambara katika majengo ya katikati ya jiji, nikawa nachukua vitabu vya maelekezo vilivyoachwa na wahandisi, navisoma nyumbani kwa kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikawa ninayeitwa wengine wakishindwa. Kwa hiyo siogopi kitabu kigumu. Ninachokiogopa ni kitabu ambacho hakuna mtu aliyekisoma, na nilikuja kugundua kwamba mkataba wa bima ni kitabu cha namna hiyo.

Niliamua kwamba mwaka huo, bima ikifika mwisho, ningenunua ile kubwa ambayo watu huiita komprehensivu, na kwamba singelipa kabla ya kujua ninanunua nini. Niliomba bei kutoka kwa kampuni tatu. Zilikuja haraka, siku ileile, kwenye simu. Nikaomba mikataba yenyewe niisome. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda polepole.

"Mkataba unakuja ukishalipa, mzee," aliniambia kijana wa kampuni ya kwanza.

"Kwa hiyo nanunua nisichokisoma?"

"Kila mtu hununua hivyo."

Kampuni ya pili ilinitumia kikaratasi chenye picha ya familia inayocheka kando ya gari jeupe. Ya tatu, ambayo ndiyo ya wakala wangu, ilituma mkataba wenyewe baada ya mimi kuuliza mara nne. Ulikuwa na kurasa thelathini na mbili. Niliuchapisha, nikanunua daftari la mraba, nikaanza kuutafsiri kipengele kwa kipengele kwenye meza ya jikoni, mke wangu akipika nyuma yangu.

Nitasema nilichojifunza, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Bima kubwa hulipia gari lako pia, lakini si lote: kuna kiasi cha kwanza ambacho unajibebea mwenyewe kila ukipata ajali, wenyewe hukiita eksesi, na kiasi hicho huongezeka kama aliyekuwa akiendesha ni kijana au amepata leseni juzi. Unaweza kulipa kitu kidogo zaidi mwanzoni ili kiasi hicho kiondolewe, lakini hawakuambii mpaka uulize. Kioo cha mbele kina kikomo chake. Redio ina kikomo chake. Gari likichomwa au kupigwa mawe siku ya ghasia, hulipwi, isipokuwa uwe umenunua kipengele cha ghasia kando. Nilikinunua, kwa kuwa nimewahi kusimama juu ya paa la jengo, ndani ya chumba cha mashine za lifti, nikitazama moshi ukipanda kutoka mtaa wa chini.

Tena gari lazima lipimwe thamani. Nililipeleka kwa mthamini, akalizunguka mara mbili, akapiga picha, akaandika bei iliyokuwa chini sana ya niliyoitarajia. Niliporudi nyumbani na karatasi, mke wangu aliisoma akatikisa kichwa.

"Na vile unalipangusa kila Jumapili," alisema. "Mwambie aongeze basi."

Nilimweleza kwamba ukikata bima kwa bei kubwa kuliko thamani, unalipa ada kubwa bure, maana likiibwa watakulipa bei ya sokoni. Ukikata kwa bei ndogo kuliko thamani, hata ikivunjika taa tu watakulipa nusunusu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo kila upande wanashinda wao."

Nilirudi kwenye daftari.

Kipengele kilichomhusu yule mtoto nilikikuta ukurasa wa tisa, katikati ya vingine, kwa herufi zilezile ndogo. Kilisema gari hilo ni la matumizi ya nyumbani na ya binafsi, na kwamba bima haitahesabika ikiwa gari litatumika kubeba abiria kwa malipo au kwa ujira wowote. Nilikisoma mara tatu. Kisha nikaacha kalamu.

Inafaa nieleze juu ya jirani yetu. Sisi tunakaa Mountain View, na yeye anakaa nyumba ya chini yetu. Kwao ni Kakamega, kwetu ni Machakos, na tumekuwa majirani tangu watoto hawa wawili wakiwa wa kubebwa. Anamlea binti yake peke yake. Ni msusi, ana kiti chake katika chumba cha wasusi wanne huko Kenyatta Market, upande mwingine kabisa wa jiji, na wateja wake wazuri ni wanawake wa ofisini wanaotaka kusukwa kabla ya kazi. Lazima atoke saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla gari letu halijaanza kumbeba mtoto, alikuwa akimpitisha Parklands kwanza na kumwacha na askari wa geti, na binti alikuwa akikaa pale kwenye benchi kwa zaidi ya saa moja akingoja shule ifunguliwe. Mke wangu alimkuta hapo siku moja ya baridi ya Julai, mikono ameiingiza ndani ya soksi. Tangu siku hiyo akawa anakuja na sisi.

Jirani hakukubali abebewe mtoto bure. Kila Ijumaa jioni alituma kwa simu mchango wa mafuta. Haukuwa mwingi. Ulikuwa wa kutosha kumfanya asimame sawasawa na mke wangu wakikutana ngazini, wakacheka, wakagombana kuhusu kamba za nguo kama watu wanaolingana.

Sasa ukurasa wa tisa ulikuwa unaniambia kwamba mchango ule wa Ijumaa ungeweza kumtoa binti huyo kwenye bima, yeye na gari pamoja, siku ambayo angeihitaji.

Katika lifti, kifaa cha usalama hupimwa kabla mtu hajapanda. Unakata umeme, unaiacha idondoke kidogo, unaona kama breki zitashika. Bima ni kifaa cha usalama kinachopimwa baada ya kuanguka. Hilo ndilo lililonikera kuliko kila kitu: kwamba hakuna namna ya kujua sasa.

Wakala alikuja nyumbani Jumamosi na fomu ya maombi. Ana utaratibu wake. Huwa ameijaza yote ofisini kwake, kurasa nne, kwa mkono mzuri wa mtu aliyesoma shule za zamani, na pale mteja anapotakiwa kutia saini huwa ameweka alama ndogo ya msalaba kwa penseli. Wewe unatafuta misalaba tu. Kwa miaka sita nilikuwa nimetafuta misalaba.

Safari hii nilianza kusoma kutoka juu.

"Ndugu," alisema, akishusha kikombe cha chai, "hayo mengine ni kazi yangu. Wewe weka saini."

Swali la kumi na moja lilikuwa linauliza kama gari litabeba abiria wa kulipa. Alikuwa ameshaweka alama kwenye La.

"Hili hukuniuliza."

"Gari lako ni teksi?"

"Si teksi. Lakini mtoto wa jirani anabebwa, na mama yake anachangia mafuta."

Aliangalia mlango wa jikoni, mahali mke wangu alipokuwa, kana kwamba anatafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. "Ndugu, hiyo ni kusaidiana. Hata mimi hubeba wanakwaya."

"Wanachangia?"

"Wanatoa kitu ya mafuta. Sasa hiyo ni biashara?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka tuandike kama ilivyo, kampuni iseme."

"Ukiandika hivyo watakuweka na watu wa teksi. Ada inapanda. Gari linaenda kukaguliwa. Mama watoto anaenda kutafuta leseni ya kubeba abiria na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Ndio apeleke watoto wawili Parklands?"

Mke wangu aliita kutoka jikoni, "Nikipata hicho cheti nitakitundika sebuleni."

Wakala alicheka, mimi sikucheka. Nilimwambia singetia saini hadi nipate jibu kwa maandishi. Alikusanya karatasi zake taratibu, na mlangoni akaniambia bila ubaya kwamba katika miaka yote ya kazi yake, wateja wanaosoma fomu ndio humchelewesha, na wasiosoma ndio humpigia simu wakilia, na hajui ni kina nani bora.

Siku chache baadaye nilikwenda makao makuu ya kampuni, katikati ya jiji. Jengo hilo nalijua. Lifti zake nimezihudumia mara kadhaa. Mlinzi aliponiona na bahasha ya kaki badala ya mkoba wa vifaa aliniuliza nani ameharibu nini.

Nilingoja saa mbili. Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea, mtulivu, na sina la kumlaumu. Nilimweleza yote: njia, shule, mtoto, Ijumaa. Nilimwonyesha ukurasa wa tisa nilivyoupigia mstari.

"Kwa kweli, mzee, hili hatujawahi kuulizwa," alisema.

"Hakuna wateja wenu wanaobeba watoto wa majirani?"

"Wote wanabeba. Hakuna anayeuliza."

"Basi na mimi ninauliza. Mchango wa mafuta ni malipo au si malipo?"

"Kwa kawaida hatungeona kuwa ni shida."

"Naomba uniandikie hivyo."

Alitabasamu kwa uchovu. "Hiyo siwezi."

"Kwa sababu si kweli?"

"Kwa sababu nikiandika imekuwa ahadi. Ajali ikitokea, faili inaenda kwa watu wengine kabisa. Wao hawakujui wewe wala jirani yako. Wataangalia simu ya mama, waone pesa inaingia kila Ijumaa, kiasi kilekile, waseme hii ni nauli." Aliiondoa miwani. "Ukiniuliza mimi kama mimi, beba mtoto. Ukiniuliza kama kampuni, soma mkataba."

"Na akiacha kulipa?"

"Asipolipa ni mgeni wako. Mgeni yuko ndani ya bima, hadi kile kiwango kilichoandikwa."

"Na ikiwa halipi pesa, lakini anamsuka mke wangu bila malipo?"

Aliivaa tena miwani yake. "Mzee, unataka bima ama unataka mtihani?"

Nilimshukuru, nikashuka kwa ngazi. Nilikuwa na hasira ya aina ambayo haina mtu wa kuielekezea. Kila mtu niliyezungumza naye alikuwa mwema, na kila mmoja alinishauri jambo lilelile: nisijue.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba lazima jirani aache kutuma pesa.

"Nani atamwambia?"

"Wewe. Ni rafiki yako."

"Na nimwambie nini? Kwamba umesoma kitabu?"

Nilimweleza tena, polepole, kwa mpangilio, kama ninavyomweleza msimamizi wa jengo kwa nini lifti yake haiwezi kuwashwa leo. Mpangilio ndio uliomkasirisha.

"Wewe mzee," alisema, "unadhani yule mwanamke analipa mafuta? Petroli ya kwenda Parklands ni ileile, mtoto awemo asiwemo. Analipa ndio asiwe mtu wa kuombaomba hapa kwa ngazi."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingenituma."

Hata hivyo alikwenda. Hakuniambia walivyozungumza. Nilisikia tu mlango wa chini ukifungwa kwa adabu, ile adabu ya mtu ambaye angependa kuubamiza.

Jumatatu binti hakuwa kwenye geti la nyumbani. Tulingoja mpaka mwanangu akasema tutachelewa. Mke wangu alienda kugonga mlango wao, akarudi. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Tulipofika shuleni binti alikuwa kwenye benchi la askari, begi magotini. Mke wangu aliegesha, akazima injini, na bila kunitazama akasema, "Sasa ana bima."

Ilikuwa hivyo Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Mimi hushuka Parklands kisha huendelea na safari ya jijini, kwa hiyo nilimwona kila asubuhi. Mvua ilinyesha mara mbili wiki hiyo. Askari alimpa mfuko wa plastiki ajifunike magoti. Nilikuwa nimeanza jambo hili kwa ajili ya mtoto huyu, nimejaza nusu ya daftari kwa ajili yake, na matokeo yake ya kwanza yakawa hayo.

Jumamosi niliweka mkataba ndani ya bahasha nikaenda Kenyatta Market. Nilipita kati ya moshi wa nyama na wanawake wanaovuta wateja kwa mkono, "Kuja nikusuke, mzee, hata hizo chache," mpaka nikakipata chumba chake. Wasusi walikuwa wanne na wateja wanne, vichwa nusu vimesukwa. Jirani alikuwa amesimama nyuma ya mwanamke mnene aliyefumba macho. Hakuacha kusuka.

"Shemeji. Umekuja kusukwa?"

"Nimekuja kukusomea kitu."

"Hapa?"

"Kama huna shida."

"Mimi sina siri na hawa. Soma."

Nilisimama kando ya kioo, nikasoma ukurasa wa tisa kwa Kiingereza chake, kisha nikaufasiri. Mteja mmoja aliuliza kama mimi ni wakili. Msusi wa kiti cha pili akamjibu kwamba wakili angekuwa na viatu vizuri zaidi. Niliendelea. Nilimweleza jirani yale ya makao makuu, kwamba wangeangalia simu, wangeona Ijumaa baada ya Ijumaa. Vidole vyake viliendelea kufanya kazi, lakini polepole zaidi.

"Ngoja nikuelewe," alisema. "Mtoto akiumia kwa gari lenu, na mimi nimelipa, watalipa hospitali?"

"Wanaweza kukataa."

"Na kama sijalipa?"

"Hapo ni mgeni wetu. Watalipa, hadi kiwango chao."

"Kwa hivyo pesa yangu ndiyo inamtoa mtoto kwa bima."

"Ndiyo."

Mteja mnene alifungua macho. "Wacha wee. Aliyeandika hiyo hajawahi kukaa na jirani."

"Anakaa Karen, kwa wenye pesa," mwingine akasema. "Huko jirani ni mbwa." Wakacheka wote, hata jirani. Kisha akaacha kucheka.

"Mama yako hakunieleza hivyo," alisema. Alimaanisha mke wangu. "Aliniambia mmeamua nisitoe pesa. Nikasema sawa, wamechoka, au wameniona maskini. Siku ile ya ajali nilikuja kwenu kuwashukuru, si kuwadai. Halafu ninaambiwa mtoto wangu abebwe bure kama mzigo wa msaada."

"Hatukuchoka."

"Ungekuja wewe."

"Kweli. Ningekuja mimi."

Alichukua nywele nyingine kutoka kwenye fungu, akazigawa mara tatu. "Na jioni nikikaa na kijana wenu mkichelewa? Hiyo nayo ni malipo?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimpa jibu. "Sijui," nilisema. "Niliuliza kitu kama hicho, hawakunijibu."

"Basi usiulize tena."

Niliurudisha mkataba ndani ya bahasha.

"Mimi nimeuliza la kwangu, umenijibu. Mtoto atakuja Jumatatu. Pesa sitatuma." Alimgeuza mteja kichwa kwa kidole kimoja. "Lakini mimi na dada yangu, mkeo, tutaongea wenyewe, huko ngazini, na wewe na hicho kitabu chako hamtakuwepo."

Jioni hiyo wakala alirudi na fomu zake. Nilisoma kurasa zote nne, yeye akinywa chai na kutazama saa. Swali la kumi na moja lilikuwa bado na alama yake kwenye La, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli, kwa kadiri ninavyojua. Nilitia saini penye misalaba. Cheti cha bima kilikuja kwenye simu yangu kabla hajamaliza kikombe.

Ijumaa iliyofuata simu ya mke wangu haikulia. Aliiangalia mara moja, akaiweka kifudifudi mezani, akaendelea kukata sukuma wiki.

"Umefurahi?" aliniuliza.

Nilimwambia hapana, naye akasema afadhali.

Binti amerudi kwenye kiti cha nyuma. Anafunga mkanda bila kuambiwa, jambo ambalo mwanangu bado hajalijua. Lakini kuna kitu kimebadilika, na nilichukua siku kadhaa kukitambua. Zamani tukifika shuleni alikuwa akifungua mlango kabla gari halijasimama vizuri, akaruka, akakimbia, begi likimpigapiga mgongoni, bila kutugeukia. Mke wangu alikuwa akimpigia kelele kuhusu mlango kila siku. Sasa anasubiri injini izimwe. Anafungua taratibu, anashuka, anafunga kwa mikono miwili, kisha anakuja hadi kwenye dirisha la mke wangu na kusema, "Asante anti kwa kunibeba." Halafu anazunguka upande wangu na kulisema tena.

Mara ya kwanza mke wangu alidhani ni mchezo. Mara ya nne alimshika mkono kupitia dirisha.

"Nani amekwambia useme hivyo?"

"Mama."

"Mwambie mama nimekataa. Si lazima ushukuru kila siku, sawa?"

"Sawa anti," alisema binti, akaenda.

Kesho yake akashukuru tena.